Nyumba Isiyo na Saa

Wiki yake ya mwisho, kasino ya The Mirage ya Las Vegas ilijikuta ikigawa pesa. Haikuwa hisani. Baadhi ya michezo yake ilikuwa na donge la zawadi linalovimba kidogo kidogo kila mchezaji anapotia dola, na kanuni za jimbo la Nevada zinalihesabu donge hilo kuwa haki ya wachezaji. Nyumba ikifunga, mwenye nyumba hawezi kuondoka nalo. Kwa hiyo mwezi Julai 2024 takriban dola milioni 1.6 zilipangiwa siku, na kila siku fungu lake likatolewa. Watu wakamiminika, wakabanana mbele ya mashine, kila mmoja akitumaini kwamba nyumba iliyomla miaka yote itamtapikia walau mara moja kabla ya kufa.

Pembeni ya umati ule walikuwapo wafanyakazi zaidi ya 3,000, nao wana hesabu yao. Jumatano ya tarehe 17 Julai milango ilifungwa. Miongoni mwa waliotoka siku hiyo walikuwamo walioingia Novemba 1989 nyumba ilipofunguliwa, wakiwa vijana, na sasa wanatoka na mvi. Miaka thelathini na minne.

Senti ya mcheza kamari ina kanuni inayoilinda hadi nyumba inapozimwa taa. Je, miaka ya mpishi, ya mhudumu wa vyumba, ya mgawa karata, inalindwa na nani?

Mikono mitupu

Kazi ya kasino ina desturi zisizoonekana penginepo. Mgawa karata anapompisha mwenzake mezani hugonganisha viganja mara moja, kisha huvigeuza juu na chini ili kamera iliyo darini ione kwamba haondoki na kitu. Nguo yake mara nyingi haina mifuko, au mifuko imefunikwa kwa aproni. Aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini amegeuza viganja mara elfu nyingi, na ni masihara ya kawaida kwao kwamba mikono hujigeuza yenyewe hata mbele ya mwenye duka la mboga.

Ukumbi wenyewe, kwa desturi, hauna saa ukutani wala dirisha. Mchezaji asijue kama kumekucha. Mfanyakazi yeye anaishi kwa dakika: kwa kawaida saa moja mezani, dakika ishirini za kupumzika, kisha meza nyingine, hadi zamu iishe. Na zamu ni tatu, kwa kuwa nyumba hailali. Wapo waliolea watoto kwa kupokezana na wenzi wao mlangoni, mmoja akirudi alfajiri, mwingine akitoka.

Mshahara wa mgawa karata wa Las Vegas huwa karibu na kima cha chini. Kinachopika nyumbani kwake ni bakshishi, ambayo katika kasino nyingi hutiwa chungu kimoja kisha ikagawanywa. Ndiyo maana chungu hicho huzua ugomvi kuliko mshahara. Mwaka 2006 hoteli ya Wynn Las Vegas iliamua kwamba wasimamizi wa meza nao wapate mgawo. Wagawa karata, watu ambao katika mji ule kwa miongo mingi hawakuwa na mazoea ya vyama, walipiga kura mwaka uliofuata na kujiunga na chama cha wafanyakazi wa usafiri, TWU. Mkataba wao wa kwanza uliwachukua hadi 2010 kuupata.

Kisha kuna moshi. Sheria ya Nevada ya 2006 iliyozuia uvutaji wa sigara katika sehemu nyingi za ndani iliuacha ukumbi wa kamari. Mwaka 2009 NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, ilitoa ripoti kuhusu wagawa karata wa kasino tatu za Las Vegas. Hawa hawakuwa wavutaji, lakini mkojo wao ulionyesha kwamba alama za kemikali ya tumbaku inayosababisha saratani zilipanda kati ya mwanzo na mwisho wa zamu. Kule New Jersey, wagawa karata waliochoka na moshi waliunda kikundi chao mwaka 2021 na kuanza kulibana bunge la jimbo.

Mtu wa kazi hiyo anapoondoka, basi, mikono yake huonyeshwa kamera kuwa mitupu. Mgongo, mabega na mapafu havikaguliwi.

Waliotia saini mapema

The Mirage haikuwa hoteli ya kawaida. Steve Wynn aliijenga kwa takriban dola milioni 630, nyingi zikiwa mkopo wa hatifungani zenye hatari kubwa na riba ya juu, akaweka mbele yake mlima wa volkano wa bandia uliotema moto kila jioni. Wajuzi wa biashara walipiga hesabu kwamba nyumba hiyo ingehitaji karibu dola milioni moja kwa siku ili isizame. Haikuzama. Ilileta wanamazingaombwe Siegfried na Roy na chui milia wao weupe, ikaonyesha kwamba mgeni anaweza kuja Las Vegas kwa ajili ya kitanda, chakula na maonyesho, si karata tu, na ndani ya miaka kumi barabara yote ya Strip ikawa inaiga.

Jambo jingine lilifanyika mwaka ule wa 1989 bila moto wala chui. Wynn alikubaliana na chama cha Culinary, tawi namba 226, kwamba iwapo wafanyakazi wengi wangetia saini kadi za uanachama, chama kingetambuliwa bila vuta nikuvute. Wapishi, wahudumu wa vyumba, wabeba mizigo, wapeleka vinywaji na wafagizi wakawa na mkataba. Wagawa karata hawakuwamo, na hadi leo chama hicho hakiwawakilishi.

Kwamba mkataba ni kitu cha kupigania, mji ulikumbushwa miaka miwili baadaye. Tarehe 21 Septemba 1991 wafanyakazi wapatao 550 wa kasino ya Frontier, mwendo mfupi kutoka The Mirage, waligoma. Walikaa nje, mchana na usiku, jua la jangwani na baridi yake, miaka sita na miezi minne. Hakuna hata mmoja wao aliyevuka mstari kurudi ndani. Mgomo ulikwisha mwanzoni mwa 1998 baada ya nyumba kuuzwa kwa mmiliki mwingine, na wagomaji wakarudishiwa kazi zao. Miaka tisa baadaye Frontier ilifungwa na kulipuliwa.

Las Vegas haitunzi majengo. Tropicana, iliyofunguliwa tarehe 4 Aprili 1957, ilifungwa tarehe 2 Aprili 2024, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 67. Oktoba hiyo minara yake iliangushwa kwa baruti usiku wa manane, fataki na droni zikipamba anga, ili kupisha uwanja wa besiboli. Watu walikesha kuutazama msiba huo kama harusi. Katika mji wa namna hiyo, anayeajiriwa leo ana kila sababu ya kuuliza nyumba itakapoanguka atatoka na nini.

Wanachama wa Culinary waliuliza mapema. The Mirage ilikuwa imenunuliwa na Hard Rock, kampuni ya kabila la Wahindi Wekundu wa Seminole wa Florida, kwa zaidi ya dola bilioni moja, na ilijulikana kwamba itafungwa ijengwe upya. Kwa hiyo masharti ya kuondoka yaliandikwa kabla tarehe haijatangazwa. Mwanachama alipewa njia mbili. Ya kwanza: dola 2,000 kwa kila mwaka aliotumika, pamoja na miezi sita ya bima ya afya na michango ya pensheni, na asalie huko aendako. Ya pili: fedha pungufu, lakini ukongwe wake kazini unabaki hai nyumba ikiwa imefungwa, na ana haki ya kuitwa tena itakapofunguliwa.

Kiswahili kina jina zuri la fedha hizo: kiinua mgongo. Kwa mhudumu wa vyumba aliyeinama kutandika vitanda tangu 1989, jina hilo si sitiari. Kwa njia ya kwanza, miaka yake 34 kamili ilikuwa dola 68,000. Si utajiri Las Vegas, lakini ni hesabu inayojulikana, iliyoandikwa, na isiyosubiri huruma ya mtu. Hard Rock yenyewe ilikadiria kulipa takriban dola milioni 80 kwa waliokuwa ndani ya chama na nje yake.

Mwenye nyumba naye alitoka

Aliyeijenga The Mirage hakuwapo siku ya kuifunga. Alikuwa ameshatoka kwa mlango mwingine.

Steve Wynn, mtoto wa mwendesha michezo ya bingo, alifika Las Vegas mwaka 1967 akiwa na hisa kidogo katika Frontier ileile. Alipanda hadi akawa mtu ambaye jina lake lilisomeka juu ya jengo lake mwenyewe, usiku, kwa taa. Januari 2018 gazeti la The Wall Street Journal lilichapisha tuhuma za wafanyakazi wanawake kwamba aliwanyanyasa kingono kwa miaka mingi. Alizikana, na ameendelea kuzikana. Tarehe 6 Februari alijiuzulu uenyekiti na ukurugenzi mkuu wa Wynn Resorts, na baada ya wiki chache akauza hisa zake zote, takriban dola bilioni 2.1. Mwaka uliofuata kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 20 Nevada na nyingine ya milioni 35 Massachusetts kwa jinsi ilivyoshughulikia malalamiko hayo.

Julai 2023 naye akafikia makubaliano na Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Nevada: faini ya dola milioni 10, bila kukiri kosa, na kutojihusisha tena na biashara ya kamari katika jimbo hilo. Zaidi ya nusu karne ya kazi ikafungwa kwa karatasi hiyo. Mwaka mmoja baadaye volkano yake ikazimwa.

Atlantic City

Upande wa pili wa nchi, kwenye pwani ya Atlantiki, mlango ulikuwa mwingine kabisa.

Wapiga kura wa New Jersey waliruhusu kasino Atlantic City mwaka 1976, na ya kwanza, Resorts, ikafunguliwa Mei 1978. Kwa miaka mingi hakukuwa na mshindani wa karibu mashariki ya Marekani. Mwaka 2006 kasino za mji huo ziliingiza takriban dola bilioni 5.2. Mwishoni mwa mwaka huohuo jirani, Pennsylvania, alifungua mashine zake za kwanza, na 2010 akaongeza meza za karata. Mteja wa Philadelphia hakuwa na sababu tena ya kuendesha gari hadi baharini. Ongeza mdororo wa uchumi wa 2008, na kufikia 2013 mapato yalikuwa yameshuka chini ya dola bilioni tatu.

Mwaka 2014 ulikuwa wa tufani. Atlantic Club ilifungwa Januari. Kisha, ndani ya wiki tatu tu, tarehe 31 Agosti Showboat, tarehe 2 Septemba Revel, tarehe 16 Septemba Trump Plaza. Revel ilikuwa imegharimu dola bilioni 2.4 na haikuwa imefikisha miaka mitatu. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa dola milioni 82. Ajira zipatazo 8,000 zilitoweka katika mji wenye wakazi wasiofika 40,000. Watu waliokuwa wamevaa tai na vizibao wiki iliyopita wakapanga foleni katika ukumbi wa mikutano wa mji kuandikisha madai ya fedha za wasio na kazi.

Sheria ya shirikisho, ya mwaka 1988, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga. Haisemi neno juu ya kiinua mgongo. Siku sitini zikiisha, zimeisha.

Simulizi ya Trump Taj Mahal ni chungu zaidi. Ilifunguliwa Aprili 1990, ikajulikana kwa jina la Donald Trump hata baada ya yeye kuacha kuiendesha. Katika kesi ya ufilisi ya 2014 mahakama iliiruhusu kampuni kuachana na mkataba wa chama cha Local 54, na wafanyakazi wakapoteza bima ya afya na michango ya pensheni. Nyumba ilipoangukia mikononi mwa bilionea Carl Icahn, mazungumzo ya kurudisha bima hayakufika popote. Tarehe 1 Julai 2016 wapishi, wahudumu na wengineo wapatao 1,000 waligoma. Mgomo ulidumu siku 102. Tarehe 10 Oktoba Icahn akafunga kasino, na watu karibu 3,000 wakatoka, waliogoma na wasiogoma.

Hapo kuna jambo la kutazama mara mbili. Aliyeinunua Taj Mahal baadaye, akaifungua upya Juni 2018 na kuwaajiri baadhi ya waliotolewa, ni Hard Rock, yuleyule aliyekuja kuifunga The Mirage. Aliyerudi kazini Atlantic City alikuta mwajiri mwenye uwezo uleule wa kifedha kama yule wa mwenzake wa Las Vegas. Lakini alikuwa ameshatoka mara moja bila karatasi iliyohesabu miaka yake, kwa kuwa karatasi ilikuwa imechanwa mahakamani miaka miwili kabla ya mlango kufungwa.

New Jersey imebadilika tangu wakati huo. Marekebisho ya sheria yaliyosainiwa 2020 na kuanza kutumika Aprili 2023 yanamlazimu mwajiri mkubwa anayeondoa watu wengi kwa pamoja atoe notisi ya siku 90 na kulipa mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka kamili wa kazi. Kilichowasukuma wabunge hakikuwa kasino bali kufungwa kwa maduka ya wanasesere ya Toys "R" Us. Wagawa karata wamefaidi kilio cha wauza maduka.

Miaka kwa mizani ya nyumbani

Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam nako kuna kasino, na wapo waliozeeka wakizungusha gurudumu la ruleti. Kwao hesabu ya kuondoka haianzii kwenye mkataba wa chama bali kwenye sheria ya nchi, na sheria hizo hazifanani.

Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, anayepunguzwa kazini kwa sababu kazi yenyewe imekwisha hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi.

Mchukue mtu mmoja wa kufikirika, mwenye miaka 34 kazini kama wale wa The Mirage, umpitishe katika milango yote. Las Vegas, akiwa mwanachama, atapata dola 68,000. New Jersey ya leo itamlipa mshahara wa wiki 34. Kenya itamlipa mshahara wa siku 510. Tanzania itamlipa wa siku 70, kwani kuanzia mwaka wa kumi na moja kalenda ya sheria imesimama, labda mkataba wa hali bora kazini uwe umeisukuma mbele. Nevada, akiwa hana chama wala ahadi ya kampuni, sheria haimpi kitu kwa jina hilo.

Wanakwenda wapi

Aliyetoka hapumziki mara moja. Desemba 2023, miezi michache kabla ya Tropicana na The Mirage kufungwa, Las Vegas ilikuwa imepata nyumba mpya mbili, Durango na Fontainebleau, na sehemu kubwa ya waliotolewa walitazamia kupata pa kushika. Lakini katika kazi hii ukongwe hauhamishiki. Mgawa karata mwenye miaka 25 akibisha hodi kwingine hupewa jaribio mezani kama mwanafunzi aliyetoka chuoni: agawe, ahesabu, alipe washindi, msimamizi akitazama. Akifaulu huanza kama kibarua wa kuitwa, kwa zamu zilizokataliwa na wenzake. Jumamosi usiku tena. Sikukuu tena. Zamu ya mchana, aliyoisubiri miaka kumi na tano, imebaki chini ya kifusi.

Wengine hawabishi hodi popote. Katika umri wa miaka 55 au 60, na goti linalolia, wanaona bora kiinua mgongo kilipe nyumba au gari la kufanyia teksi.

Mahali palipokuwa na volkano sasa panajengwa mnara wenye umbo la gitaa, wa takriban mita 200, uliopangiwa kufunguliwa 2027. Wale waliochagua njia ya pili, fedha pungufu na haki ya kuitwa, wanausubiri. Mhudumu wa vyumba aliyetoka Julai 2024 akiwa na miaka 58 atakuwa na 61 mnara ukifunguliwa kwa wakati. Umri wa chini wa kuanza kuchukua pensheni ya uzeeni ya serikali ya Marekani ni 62. Akiitwa, ana mwaka mmoja wa kujaza, na vyumba vya kutandika vitakuwa vingi kuliko alivyoviacha.